Mwaka wa kwanza wa sheria: nani amshike mkono mdogo wetu?

Kila mwaka, masomo ya vyuo vikuu yanapofunguliwa, wazazi wengi hapa Lubumbashi hutungojea baada ya Misa na kutuuliza neno moja: «Mtoto wetu amepata Diploma ya Serikali kwa alama nzuri. Ameandikishwa katika sheria. Je, atapita?» Huuliza kwa sauti ya chini, kama watu wanaouliza habari za mgonjwa. Nasi twawaelewa. Karo, au minervali kama tulivyozoea kuiita, hulipwa kwa fedha iliyotafutwa kwa jasho. Huyu ameuza mahindi ya mwaka mzima. Yule amekopa kwa shemeji. Mama fulani huamka saa kumi za usiku kukaanga mandazi. Mtoto akianguka mwaka wa kwanza, fedha hiyo hairudi, na mwaka unaofuata italipwa upya kwa darasa lile lile.

Sisi tunaoandika maneno haya tu wanafunzi wa sheria wa miaka ya mwisho. Tulikuwa wanne tulipoanza, sasa tumekuwa saba. Kila Jumamosi alasiri tunakaa na wadogo wetu wa mwaka wa kwanza katika chumba kimoja cha parokia, chenye ubao mmoja na mabenchi ya katekisimu. Hatulipwi, wala hatuna cheo chuoni. Wanatuita yaya, kama wanavyowaita wakubwa wao nyumbani, na hilo latutosha. Tumeona vema kuwaeleza wazazi na wanafunzi wa shule za sekondari kazi hiyo ni kazi gani, kwa sababu wengi huidhania kuwa jambo jingine.

Tuanze na sababu inayowaangusha vijana wenye akili. Watu husema: sheria ni masomo ya kukariri, anayeanguka ni mvivu. Si kweli. Tumewaona vijana waliokariri silabasi nzima, toka ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, wakapata alama sita juu ya ishirini. Walikuwa na maneno yote, ila hawakujua wameulizwa nini.

Ugumu wa kwanza ni lugha. Mtoto wetu amesoma Kifaransa miaka mingi, naye anadhani anakijua. Siku ya kwanza anasikia neno «meuble». Kwake yeye hilo ni kiti, meza, kabati. Profesa anasema ya kuwa mbuzi ni «meuble», na ukumbi wote unacheka. Profesa anaendelea mbele, maana wakati ni mfupi. Kisha anasikia «immeuble», naye anawaza nyumba ya ghorofa ya mjini. Lakini Sheria ya mali na ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inahesabu shamba lenyewe kuwa «immeuble», na miti iliyosimama juu yake, na mavuno ambayo hayajavunwa. Mhindi ulio shambani ni mali isiyohamishika; ukiuvuna na kuutia katika gunia, umekuwa mali inayohamishika. Mhindi ni ule ule, ila jina lake katika sheria limebadilika, na pamoja na jina zimebadilika kanuni za kuuza na za kukamata kwa ajili ya deni.

Maneno ya namna hiyo ni mengi kama mchanga. «Exploit» si tendo la ushujaa, ni karatasi inayoletwa na mjumbe wa mahakama. «Minute» si dakika, ni maandiko ya asili ya hukumu yanayotunzwa mahakamani. «Répétition» si kurudilia somo, ni kudai kurudishiwa mali uliyolipa bila kudaiwa. Mwanafunzi akikutana na maneno hayo katika swali la mtihani, anayasoma kwa maana ya sokoni, anajibu vizuri sana swali ambalo halikuulizwa, na akitoka nje anawaambia rafiki zake ya kuwa mtihani ulikuwa rahisi.

Profesa anaweza kumwonya, bila shaka, na wengi huonya. Lakini profesa ana mamia ya vijana mbele yake. Walioketi nyuma hawaoni ubao, na mara nyingine hawasikii sauti. Tena liko jambo jingine ambalo halitajwi. Mtu aliyekaa katika sheria miaka thelathini amekwisha kusahau ya kuwa zamani «meuble» ilikuwa kiti. Hawezi kukumbuka mahali alipojikwaa, kwa maana njia hiyo anaipita kila siku hata gizani. Sisi tulijikwaa juzi. Kidonda bado tunakiona. Hapo ndipo penye faida ya mwanafunzi mkubwa: elimu yake ni ndogo kuliko ya profesa, lakini jiwe lililo njiani analijua kwa jina.

Ugumu wa pili ni namna ya kujibu, nao twafikiri ni mkubwa kuliko ule wa kwanza. Tuseme mfano tunaoutumia kila mwaka. Baba mmoja ana mbuzi. Usiku mbuzi anakata kamba, anaingia katika bustani ya mama jirani, anakula mboga zote zilizokuwa zikingojea soko la asubuhi. Mama anataka kulipwa. Baba anasema: «Mimi nililala, mbuzi nilimfunga vema, kosa langu ni nini?» Je, mwanafunzi, utasema nini?

Wadogo wetu karibu wote hujibu kama wazee wa mtaa. Mmoja asema baba alipe nusu, ili ujirani usiharibike. Wa pili asema mama naye alikosa, mbona hakujenga ua? Wa tatu, aliyekariri vizuri zaidi, anasimama na kusema kifungu cha 258 cha Kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, kilichotoka katika amri ya tarehe 30 Julai 1888: kila mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake sharti aitengeneze. Ukumbi unampigia makofi. Sisi hatupigi. Tunamwambia: «Basi, tuonyeshe kosa la baba.» Anatafuta, haoni. Baba alifunga kamba. Tukishika kifungu hicho, mama atarudi nyumbani mikono mitupu.

Hapo tunawapa kitabu na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kazi ngumu ya msaidizi! Jibu linamwasha ulimini, naye sharti alimeze. Wanafungua ukurasa, wanasoma 259, wanasoma 260 kinachosema juu ya wazazi kwa ajili ya watoto wao na walimu kwa ajili ya wanafunzi wao, wananong'onezana, na mwisho sauti moja, mara nyingi ya kijana asiyesema kamwe, inaita: «Yaya, 261!» Kifungu hicho kinanena juu ya wanyama: mwenye mnyama, au anayemtumia, huijibia hasara iliyofanywa na mnyama, akiwa mnyama huyo chini ya ulinzi wake au akiwa amepotea au ametoroka. Mbuzi ametoroka. Neno limekwisha kuandikwa tangu 1888.

Kisha tunawataka waandike. Kwanza habari yenyewe kwa ufupi, bila machozi na bila matusi, halafu swali la sheria, halafu kanuni, halafu kanuni hiyo ivikwe habari ile kama nguo, ionekane kama inamkaa, mwisho jibu. Kijana aliyefanya hivyo mara kumi hatetemeki tena mbele ya karatasi. Kwa wengi mara moja haitoshi, nasi tunawarudishia daftari zao zikiwa zimejaa wino mwekundu.

Siku moja tuliwapa habari ya ndoa. Mtu anataka kumwoa binti wa miaka kumi na sita. Baba wa binti amekubali na amepokea mahari. Je, ndoa hiyo inaweza kufungwa mbele ya Serikali? Binti wa katekista akajibu kwa sheria ya Kanisa, tena barabara: kitabu cha sheria za Kanisa cha mwaka 1983 chadai miaka kumi na sita kwa mume na kumi na minne kwa mke, na maaskofu wa nchi waweza kupandisha umri huo. Kijana mwingine akajibu kwa desturi ya babu zake. Wote wawili walisema mambo waliyoyajua kweli. Lakini swali lilikuwa la Serikali, na Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, kama ilivyogeuzwa tarehe 15 Julai 2016, yadai miaka kumi na minane kwa mume na mke sawasawa. Sheria ile ya kwanza ya 1987 ilikuwa ikiruhusu miaka kumi na mitano kwa msichana, na mpaka leo ziko silabasi za zamani zinazouzwa zikisema hivyo! Kijana maskini hununua silabasi ya mkono wa pili kwa sababu ya bei, naye anaanguka kwa ajili ya ukurasa uliokufa tangu 2016. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya kila mwaka hatufundishi neno lolote: tunakaa na silabasi zao, tunafuta na kusahihisha. Hata simu zao zina kazi siku hiyo, maana sheria nyingi zasomeka humo, kama mtu anajua atafute nini.

Wengine wametuambia ya kuwa kazi yetu ni ujanja mpya wa vijana. Ni wa zamani sana. Mwongozo wa masomo wa Wajezuiti wa mwaka 1599 unawataja wanafunzi walioitwa dekurioni, waliowasikiliza wenzao wakikariri na kukusanya kazi zao za kuandika. Huko Marekani, katika chuo kikuu cha Missouri mjini Kansas City, walianza mwaka 1973 utaratibu ambao sasa umeenea katika nchi nyingi: mwanafunzi aliyekwisha kupita somo gumu anakaa na wale wanaolisoma, hawahubirii, anawaongoza katika kulifikiri. Tena walichagua jambo la busara. Hawakuwatafuta wanafunzi dhaifu. Walitafuta masomo yanayoangusha wengi, wakaufungua mlango kwa kila mtu anayeyasoma.

Jambo hilo tulibishana juu yake sana kabla ya kuanza. Mmoja wetu alitaka tuwaite tu wale walioanguka. Wengine tulikataa, na twafurahi kwamba tulikataa. Mtu mzima wa miaka ishirini hapendi kuketi kwenye benchi la wajinga, hasa kama wasichana wanapita dirishani. Alama za masomo ya kwanza zikitangazwa, walio chini hujificha. Hawaji kanisani wala uwanjani, na nyumbani wanasema uongo. Lakini chumba kikiwa cha wote, aliyepata kumi na sita ameketi karibu na aliyepata tano, na hakuna mpita njia awezaye kujua nani amekuja kwa shida na nani kwa hamu. Wasichana tunawataka wakae mbele na wasome majibu yao wenyewe, maana ukiwaachia wavulana nafasi watasema wao tu hata jua litue.

Yatupasa pia tuseme juu ya baba mmoja, bila kumtaja. Alikuja jioni, amevaa vizuri, akatoa bahasha. Mtoto wake alipaswa kutoa kazi ya kuandika ya kurasa kumi juu ya watu na haki zao. Baba akasema: «Ninyi mnajua, mwandikieni. Mimi nimechoka kulipa mwaka huo huo.» Mshahara wake ulikuwa umechelewa miezi mingi, na fedha ile ilikuwa ya mkopo. Tulimwonea huruma, wala hatukumwona kuwa mtu mbaya. Tulimrudishia bahasha, tukamwambia amlete kijana. Kijana alikuja Jumamosi tatu, akiwa na hasira usoni. Kurasa alizoziandika mwenyewe zilikuwa sita tu, na Kifaransa chake kilichechemea. Alipata kumi na moja. Baba hajatusemesha mpaka sasa, lakini kijana huja kila Jumamosi, tena huja mapema kufagia.

Twajua ya kuwa katika mji wetu wako wanafunzi wakubwa wanaouza kazi za namna hiyo, tena wana bei zao zinazojulikana. Wanajiita wasaidizi kama sisi. Wazazi wapenzi, mnaweza kuwatambua kwa urahisi: mtoto wako akirudi kwao na karatasi safi iliyokwisha, huyo amenunua, akirudi na daftari chafu lenye mistari iliyofutwa, huyo amesaidiwa.

Kwa upande wa walimu wa chuo, wako waliotutazama kwa shaka hapo mwanzo. Asistanti mmoja alituuliza: «Mkiwafundisha uongo, nani atawafundua?» Swali lake lilikuwa la haki. Tukamjibu ya kuwa hatufundishi fundisho jipya. Yale aliyoyasema profesa ndiyo tunayoyatafuna pamoja nao. Na swali likitushinda, tunaliandika katika kitabu kidogo na kumpelekea asistanti huyo huyo siku ya Jumatatu. Sasa hungojea kitabu hicho. Anasema kinamwonyesha mahali ambapo somo lake halikuingia, jambo ambalo mtihani humwonyesha wakati umekwisha kupita.

Hata sheria ya kazi ya avoka inakiri ya kuwa vitabu peke yake havitoshi. Kwa amri ya tarehe 28 Septemba 1979 juu ya baro, yaani chama cha mawakili, avoka mpya sharti afanye miaka miwili ya mazoezi chini ya avoka aliyemtangulia kabla hajasimama peke yake. Kama mtu mwenye diploma anahitaji miaka miwili ya kushikwa mkono, mbona twastaajabu kwamba kijana aliyetoka sekondari mwezi uliopita anahitaji Jumamosi chache?

Wazee wetu wanalijua jambo hili kuliko sisi. Tarehe 30 Juni 1960, nchi yetu ilipopata uhuru, katika mahakama zilizoachwa na Wabelgiji hapakuwa na jaji wa kazi aliye Mkongo. Mwaka 1961 ilifunguliwa Léopoldville shule ya taifa ya sheria na utawala, ili kufundisha kwa haraka mahakimu na watumishi wa Serikali. Mwaka 1968, Mahakama Kuu ilipoundwa, rais wake wa kwanza alikuwa Marcel Lihau, mmoja wa Wakongo wa kwanza kumaliza masomo ya sheria. Waliotangulia namna hiyo hawakuwa na mkubwa mweusi wa kumwuliza neno «meuble» lina maana gani. Walipapasa. Sisi tunao wakubwa, na wadogo wetu wanao sisi; ni hasara kubwa mali hiyo kukaa bure kwa sababu kila mmoja amejifungia chumbani na silabasi yake.

Tena tusijifanye watakatifu: sisi wenyewe tunapata. Mmoja wetu alikuwa akikichukia kitabu cha mali na ardhi. Alipolazimika kueleza tofauti ya shamba na mavuno kwa vijana thelathini wenye njaa, saa tisa za mchana, chini ya bati la moto, alikielewa kwa mara ya kwanza, na mtihani wake wa mwaka ule ulikwenda vizuri. Anayefundisha hawezi kujidanganya ya kuwa anajua; kijana wa benchi la mbele atamwuliza «kwa nini?» mara tatu, na mara ya tatu ama ana jibu ama hana.

Hatusemi ya kuwa wote wanapita. Wako waliokuja toka mwanzo hata mwisho na wakaanguka, nasi tuliumia pamoja nao. Mmoja tulimwambia wazi, na kwa upole, ya kuwa sheria si njia yake. Sasa anasoma mambo ya ufundi wa umeme, na redio ya parokia ameitengeneza yeye. Mwingine alikosa karo katikati ya mwaka, na dhidi ya hilo ubao wetu na wino wetu mwekundu havina nguvu. Parokia ilimchangia sehemu. Sehemu nyingine ilikosekana. Ameahidi kurudi mwaka ujao, nasi tumemwekea daftari zake.

Kati ya hao saba tuliowataja, watatu walikuwa miaka miwili iliyopita kwenye benchi la wadogo. Hatukuwaomba. Walibaki tu baada ya mitihani, wakashika chaki.

Masomo yataanza tena Jumamosi ijayo, saa nane na nusu. Anayekuja alete daftari, kalamu mbili, na silabasi yake hata kama ni ya zamani. Swali la kwanza tunalitoa leo, ili hata wazazi walijaribu mezani jioni. Mtu mmoja ameuza kiwanja chake siku ya Jumatatu, na hati zimetiwa sahihi bila neno lolote juu ya mwembe uliomo, wenye maembe mengi mabichi. Jumapili maembe yamekwisha kuiva, na aliyeuza anakuja na vikapu viwili, akisema: «Nimeuza ardhi, sikuuza maembe.» Aliyenunua amefunga mlango. Jibu liandikwe, lisiwe zaidi ya ukurasa mmoja.